Deni la Simu na Usingizi Uliopotea

Mkopo wa simu huanza kama msaada wa karo au wa kuongeza bidhaa kibandani. Malipo yakichelewa, jumbe huja usiku na mchana. Mkopaji hukosa usingizi, kazi humshinda, na deni huzidi. Mara nyingi aibu humuumiza kuliko pesa zenyewe. Lakini Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kumtisha, kumtukana, au kutumia nambari zilizo simuni mwake kuwaandikia jamaa zake kuhusu deni. Jumbe hizo zihifadhiwe, ni ushahidi. Anayeenda kituo cha afya kwa kukosa usingizi amtajie mhudumu deni pia. Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo: 1199.