Upanga wa Mababu: Tuusafishe au Tuuache?

Kama nyumbani kwenu Katuba, Kamalondo au Ruashi, hapa Lubumbashi, kuna upanga wa zamani, kisu cha chifu au shoka la heshima, siku moja jamaa atasema: "Hii kitu imeshika kutu, tuipeleke kwa fundi aing'arishe." Kijitabu hiki kinakuomba umjibu: ngoja kwanza.

Tupa na jiwe la kunolea la umeme haviondoi kutu peke yake, vinakula na chuma chenyewe. Alama za nyundo ya mhunzi, michoro ya ubavuni, makali yaliyolika upande mmoja kwa kunolewa miaka mingi, vyote vinakwenda na vumbi. Kinachobaki kinang'aa kama panga jipya la sokoni, na thamani yake ni hiyo hiyo.

Kutu inayokula na kutu iliyotulia

Kutu nyeusi au ya kahawia iliyokoza, ngumu, iliyoshikamana na chuma, kwa kawaida imetulia. Iache. Ya kuogopa ni ile ya rangi ya machungwa, inayobanduka magamba. Laza upanga juu ya karatasi nyeupe kwa wiki mbili. Ukikuta unga mwekundu chini yake, chuma bado kinaliwa. Kwenye shaba, rangi ya kijani iliyoganda haina neno, lakini unga wa kijani hafifu unaoota kama ukungu ni ugonjwa.

Kutu ikiwa hai, kazi ni kuizuia isiendelee. Brashi laini, kitambaa kikavu, kisha mafuta ya cherehani kidogo sana kwenye chuma tu. Usitumie mawese: yanaganda, yananasa vumbi na yanachachuka. Maji ya betri, ambayo wengine wanayasifu sana, yanaondoa kutu kweli, halafu yanaendelea kutafuna chuma baada ya wewe kumaliza. Ndimu ni vilevile, polepole tu.

Upanga usikae ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi inavuta unyevu, na dawa zilizoilainisha zinachoma chuma. Viweke mbalimbali, hasa kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inaponyesha. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu vinasaidia.

Mpini nao unasema

Watu wengi wanatazama makali na kusahau mpini. Katika kaburi moja la Kamilamba, bonde la Upemba, mwanaakiolojia Pierre de Maret alikuta fuawe la chuma karibu na fuvu la marehemu, pamoja na shoka lenye mpini uliopambwa kwa misumari. Kaburi hilo lina zaidi ya miaka elfu moja. Mashoka ya heshima ya Waluba yaliyotengenezwa karne nyingi baadaye bado yana misumari kwenye mpini. Sasa fikiria fundi anayeng'oa misumari iliyolegea na kugonga mipya ya kiwandani: amefuta ushahidi kwa nusu saa. Waya wa shaba uliofumuka usiukate. Ufunge kwa uzi wa pamba palepale ulipo.

Kikiwa bado kinafanya kazi

Hapa hata wataalamu wanabishana. Shoka linalobebwa siku ya kumsimika chifu si kitu cha kabatini, na mpini ukivunjika wenye mila wanaweza kuweka mwingine, kama walivyofanya wazee wao. Sisi tunaona uamuzi ni wa chifu na baraza la ukoo, si wa kijana mwenye ufunguo wa chumba linamowekwa, wala wa mnunuzi. Mpini wa zamani usitupwe.

Kabla ya kumwita mtu yeyote

Piga picha pande zote mbili, na za karibu penye alama au mhuri. Andika upanga huo uliupata kwa nani, na wazee wanauitaje. Kilichofukuliwa ardhini, kwa mfano shambani au kwenye shimo la machimbo, usikisugue kabisa. Chumvi ya udongo imeingia ndani, na sehemu kilipolala ni nusu ya habari yake. Kipeleke jinsi kilivyo kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, au waite waje.

Anayekuambia usafishe haraka kwa sababu ana mteja Ulaya, muulize kibali. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 ya kulinda mali za utamaduni inahusu pia kutoa vitu vya kale nje ya nchi.