SOMO: Faili ya Uraia Ikikawia, Tufanye Nini?



Katika kuzunguka vikundi vyetu, tunakutana na akina mama waliotoka Tanzania au Uganda wakaolewa hapa Kenya. Wanalima hapa, wanalea watoto hapa, na siku ya kuchanga pesa ya kikundi hawabaki nyuma. Lakini hawana kitambulisho. Aliyeomba uraia kila akienda kuuliza anaambiwa, "Bado mama, rudi mwezi ujao." Nauli inaisha, moyo unavunjika, mwishowe anaacha kwenda. Hapo ndipo faili inapolala kabisa. Kumbe kungoja nako kuna kazi yake. Tuione pamoja.

Haki yake ni ipi?

Katiba ya 2010, kifungu cha 15, inasema aliyefunga ndoa na raia wa Kenya kwa miaka isiyopungua saba ana haki ya kusajiliwa kuwa raia, akiomba. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu, hata ambaye bado si raia, haki ya kuhudumiwa na ofisi ya serikali kwa haraka na kwa haki. Kwa hivyo mama akiuliza faili yake iko wapi, haombi hisani.

Na watoto je? Kifungu cha 14 kinasema mtoto ambaye baba au mama yake ni raia wa Kenya ni raia kwa kuzaliwa. Basi msingoje faili ya mama ndipo mtafute vyeti vya kuzaliwa vya watoto!

Mambo ya kufanya

1. Kagua karatasi. Jina likiandikwa hivi kwenye pasipoti na vingine kwenye cheti cha ndoa, faili inaweza kukwama. Ndoa ya kimila nayo huandikishwa, kulingana na Sheria ya Ndoa ya 2014.

2. Weka daftari. Kila ukienda ofisini andika tarehe, ofisi, uliongea na nani na alisema nini. Tunza risiti na nakala ya kila karatasi.

3. Uliza kwa barua. Taja nambari ya faili na tarehe uliyoomba. Uliza maneno matatu tu: Faili imefika wapi? Kuna karatasi inayokosekana? Nitegemee jibu lini? Peleka barua mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo nyumbani.

4. Panda ngazi. Jibu lisipokuja, mwandikie mkuu wa ofisi. Akinyamaza, peleka malalamiko kwa tume ile tunayoiita Ombudsman. Kazi yake ni kushughulikia malalamiko juu ya ofisi za serikali, na kulalamika hakulipiwi. Hapa ndipo daftari lako litakuwa shahidi.

5. Pasi ya kuishi nchini isiishe muda wakati unangoja.

6. Usitoe kitu kidogo. Anayesema "nitakusukumia faili" bila risiti anakula pesa yako.

Kikundi kinasaidiaje?

Wamakonde wa Kwale wanatufundisha. Wazee wao walitoka Msumbiji wakati wa ukoloni, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu walizaliwa hapa lakini wakakaa miaka mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza wasajiliwe. Mapema 2017 walianza kupewa vitambulisho. Shida yao haikuwa sawa na ya mama aliyeolewa, lakini sauti ya wengi ndiyo iliyosikika.

Sisi si lazima tutembee hadi Nairobi. Katibu anaweza kumsaidia mama kuandika barua. Mwanakikundi mmoja amsindikize ofisini, na kikundi kichangie nauli. Mama asiyejua kusoma asiende peke yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu nani anangoja karatasi, na tangu lini?
2. Je, ana nambari ya faili na nakala zake?
3. Watoto wake wana vyeti vya kuzaliwa?
4. Ni nani atakayemwandikia barua kabla ya mkutano ujao?

Jibuni swali la nne kwa kutaja jina la mtu, na katibu aliandike.