SOMO KWA WAKULIMA: JIKO LA VIDONGE LINAPOPIGA KELELE

Mkulima mmoja wa nyanda za juu alinunua jiko la vidonge vya maranda, lile lenye feni ndogo chini yake. Mwezi wa kwanza mama wa nyumbani alilisifu sana, maana sufuria zilikuwa safi na macho yaliacha kumwasha. Mwezi wa pili jiko likaanza kulia ta-ta-ta, hata mtoto mchanga akawa hapati usingizi. Bwana akaona dawa ni kukata waya wa feni. Kelele zikaisha, lakini jioni ile nyumba ilijaa moshi kuliko ule wa mafiga matatu, na mtoto akakohoa usiku kucha. Kesho yake fundi alipolifungua alikuta nini? Unyoya mmoja tu wa kuku.

Basi, wewe mkulima mwenye jiko la namna hii, soma somo hili kwa makini, uwasomee na watu wa nyumbani mwako.

Kazi ya feni ni nini?

Vidonge hufanywa kwa maranda na unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu. Kwa kawaida unene wake ni milimita 6 au 8. Huwashwa kwa juu, na moto hula ukishuka chini polepole. Feni hupeleka hewa njia mbili. Hewa ya chini hupita kati ya vidonge na kuvifanya vitoe gesi. Hewa ya juu hutoka katika matundu yaliyo karibu na mdomo wa jiko, nayo huiunguza gesi hiyo kabla haijawa moshi. Ukiondoa feni, gesi haiungui yote, nayo hutoka kama moshi mzito.

Moshi si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 watu kama milioni 3.2 walikufa duniani kwa ajili ya moshi wa majumbani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo usiinyamazishe feni. Itafute sababu ya kelele.

Jinsi ya kuitafuta kelele

Fanya kazi hii jiko likiwa baridi kabisa, bila moto wala vidonge. Kwanza weka jiko mahali palipo sawa, juu ya jiwe au sakafu ngumu. Jiko lililowekwa juu ya bati au meza nyepesi hulia kama ngoma hata kama halina ubovu. Lakini usiweke gunia au kitambaa chini yake, kwa kuwa kitaziba hewa na chaweza kushika moto.

Pili, washa feni peke yake usikilize. Kelele ikiwapo, ubovu uko katika feni au katika mwili wa jiko. Isipokuwapo, ubovu uko katika moto au vidonge.

Tatu, feni ikiwa bado inazunguka, bonyeza ubavu wa jiko kwa mkono. Kelele ikinyamaza, kuna bati au skrubu iliyolegea.

Kelele na dawa zake

1. Mvumo ulio sawa, usiopanda wala kushuka. Huu ni mlio wa kazi, si ugonjwa. Ukiongeza mwendo wa feni, mvumo nao utaongezeka. Vilevile mlio mdogo wa bati wakati jiko linapopata moto au kupoa si kitu. Ni bati linatanuka na kunywea.

2. Ta-ta-ta ya haraka. Kitu kinagusa mapanga ya feni: unyoya, unyasi, kipande cha kidonge, au waya uliotoka mahali pake. Toa betri au ung'oe waya wa umeme kwanza. Kisha fungua kifuniko cha chini, ondoa uchafu, na ufunge waya mbali na mapanga.

3. Kutetemeka. Vumbi na majivu yameganda upande mmoja wa mapanga, kwa hiyo feni haina uzani sawa. Safisha kila panga kwa brashi laini iliyo kavu, huku umeishika feni isizunguke. Usiioshe kwa maji. Kisha kaza skrubu zote, lakini usizikaze kupita kiasi, zisije zikakatika.

4. Mlio mkali kama bawaba ya mlango isiyo na mafuta. Ekseli ya feni imekauka. Kama feni yako yaweza kufunguliwa, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Usitie mafuta ya kupikia, kwa maana hugandisha vumbi. Kama feni imezibwa kabisa, au ikiendelea kulia, nunua nyingine yenye ukubwa uleule na volti zilezile.

5. Mvumo unaopanda na kushuka. Betri imekwisha nguvu, au waya umelegea. Safisha ncha za betri kwa kitambaa kikavu, kaza nyaya, ujaze betri chaji. Kama unatumia sola, jaribu tena baada ya siku ya jua kali.

6. Moto kunguruma, au vidonge kupasuka-pasuka. Kama moto unanguruma na kuruka juu ya sufuria, hewa imezidi. Punguza mwendo wa feni. Kama vidonge vinapasuka na kutoa moshi, yamkini vimeshika unyevu. Vidonge vizuri havipasi kuzidi maji sehemu 10 katika 100. Kidonge kizuri ni kigumu, na ukikivunja hutoa sauti. Kilichoharibika husagika vidoleni kama unga, na unga huo huziba njia ya hewa. Upepete kabla ya kujaza jiko.

Kulitunza jiko

Kila siku, jiko likipoa, mwaga majivu na uyafute matundu ya hewa.

Kila juma, piga brashi sehemu ya chini na uangalie kama wadudu au panya hawajaingia.

Kila mwezi, kaza skrubu, tazama nyaya, na safisha mapanga ya feni.

Siku zote, weka vidonge ndani ya pipa lenye kifuniko au mfuko usiopitisha maji, juu ya mbao, mbali na ukuta. Sehemu za baridi na ukungu kama Kinangop, gunia lililoachwa wazi chini huvuta unyevu upesi.

Hatari za kuepuka

Feni ikisimama katikati ya moto, usiinamishe uso juu ya jiko. Gesi iliyokusanyika yaweza kulipuka moto ghafula feni inaporudi. Fungua mlango na madirisha, na watoto watoke nje.

Usimwage maji ndani ya jiko lenye moto. Mvuke utakuunguza, na jiko litapasuka.

Miali ikizimika, makaa hubaki chini. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Basi usiliingize jiko chumba cha kulala ili kupata joto, hata kama baridi ni kali namna gani. Wengi waliolala na makaa hawakuamka. Mwaga makaa nje katika debe la bati, ulifunike vizuri.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini si vema kukata waya wa feni?
2. Utajuaje kwamba kelele inatoka katika feni wala si katika vidonge?
3. Ni mafuta gani yanayofaa ekseli ya feni, na ni kiasi gani?

Mkulima, unyoya ule wa kuku uliondolewa kwa dakika tano, lakini kwa kutouondoa nyumba nzima ilivuta moshi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jiko likilia, lisikilize, maana linakuambia panapouma.