Na Cherehani Yangu?

Jumatano

Soma Kutoka 22:1–4 na Mambo ya Walawi 6:1–7. Mwizi alitakiwa kufanya nini, na malipo yalikwenda kwa nani?

Chukua mfano huu. Kijana anaiba cherehani ya jirani yake, mama anayeishi kwa ushonaji, kisha anaiuza. Mahakama haimpeleki gerezani, bali inamwamuru afanye huduma kwa jamii. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2002 inaruhusu adhabu hiyo: mkosaji hufanya kazi ya umma bila ujira badala ya kifungo. Kijana anafagia soko kwa miezi kadhaa. Siku ya mwisho anasema moyoni, “Nimemaliza deni langu.” Mama, aliyempita kila asubuhi akifagia, anajiuliza, “Na cherehani yangu?”

Kijana hasemi uongo. Ametoka jasho, ameona aibu mbele ya watu, na hakutengwa na familia yake. Lakini aliyenufaika ni soko. Mama angali anaazima cherehani.

Sheria ya Mungu haikumsahau mama huyo. Aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza alilipa wanne. Kwa ng’ombe alilipa watano. Mnyama akikutwa hai mkononi mwake, alilipa wawili. Aliyeungama kosa lake alirudisha kitu chote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:6, 7). Malipo hayo alipewa aliyekosewa, siku ile ile mkosaji alipoleta sadaka yake ya hatia. Madhabahu haikuwa mahali pa kumkwepa jirani. Yesu alifundisha vivyo hivyo (Mathayo 5:23, 24).

Soma Luka 19:1–10. Zakayo aliahidi nini, na ni nani aliyemlazimisha?

Hakuna aliyemshitaki Zakayo mahakamani. Kwa kuwa aliungama mwenyewe, angeweza kuongeza sehemu ya tano tu. Badala yake alijihukumu kama mwizi wa kondoo: mara nne. Tena angalia mpangilio. Yesu alijikaribisha nyumbani kwake kwanza, ndipo Zakayo akaahidi kulipa. Hakulipa ili apate neema. Alilipa kwa sababu neema ilikuwa imemfikia. Aliyesamehewa haulizi, “Zimebaki saa ngapi za adhabu?” Huuliza, “Ni nani niliyemwumiza, na anahitaji nini?”

Hata hivyo, si kila hasara inalipika. Cherehani inaweza kurudi kabla ya imani kurudi. Mkosaji asidai kusamehewa kwa sababu amelipa, na kanisa lisimharakishe aliyeumizwa. Lakini lisimwache peke yake, na mwenye kutubu limsaidie kupata kazi ili aweze kulipa (Waefeso 4:28).

Je, kuna mtu ambaye uliomba Mungu akusamehe kosa ulilomtendea, lakini mwenyewe hujamwendea? Utaanza na hatua gani kabla ya Sabato hii?