Mali ya yatima: kuchangisha si mwisho wa kazi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Baada ya swala ya Ijumaa tunapitisha boksi kwa ajili ya watoto walioachwa na wazazi waliofariki kwa UKIMWI. Hapa Uganda msiba huu tunaujua. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1982 Kasensero, wakati huo wilayani Rakai, kando ya Ziwa Viktoria, na tangu hapo bibi wengi wamerudia kazi ya kulea. Ninaposimama na boksi mlangoni huulizwa: "Pesa hizi zinakwenda wapi?" Swali hili lina majibu katika dini yetu.

Kwanza, yatima ni nani? Katika fiqhi ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubalehe. Mashirika ya Umoja wa Mataifa humhesabu pia aliyefiwa na mama, mpaka miaka 18. Tofauti hii isimfungie mtu mlango, kwa kuwa sadaka ina nafasi kwa wote wawili. Zaka ndiyo yenye mipaka. Surat at-Tawba, aya ya 60, imetaja makundi manane, na yatima huingia humo kwa ufukara wake, si kwa uyatima wake. Kwa hiyo anayetoa zaka aseme, nasi tuiweke mbali na sadaka.

Pili, amana. Surat an-Nisaa, aya ya 10, inawaonya kwa moto wanaokula mali ya yatima kwa dhulma. Aya ya 6 inataka mashahidi siku ya kumkabidhi mali yake. Basi boksi lifunguliwe mbele ya watu wasiopungua wawili, hesabu iandikwe papo hapo na kubandikwa ubaoni. Aya hiyo ya 6 imemruhusu mlezi fukara kula kwa kiasi, lakini sisi si walezi wa watoto hawa. Nauli na soda za kamati tuzitoe mifukoni mwetu.

Tatu, sitara. Surat al-Baqara, aya ya 264, inafundisha kuwa masimango na udhia hubatilisha sadaka. Kumsimamisha mtoto mbele ya kamera chini ya bango la "yatima wa UKIMWI" ni udhia. Kesho wenzake darasani watamkwepa, wakidhani naye ana virusi, na siri ya marehemu itakuwa imetangazwa kwa mkono wetu. Wafadhili wakitaka ushahidi, tuwaonyeshe risiti ya karo, jina likiwa limefunikwa.

Ili tuwafikie bila kuwaanika, tupitie kwa imamu wa kijiji. Tangu mwaka 1992 Jumuiya ya Madaktari Waislamu Uganda iliwafunza maimamu kuelimisha familia kuhusu UKIMWI, nyumba kwa nyumba. Imamu anajua nani analala njaa, na karo tuilipe shuleni moja kwa moja.

Mtume (s.a.w.) ameahidi kuwa mlezi wa yatima atakuwa naye Peponi, karibu kama vidole viwili. Ukaribu huo tuutafute kwa mikono safi.

Wabillahi tawfiq.