Simu Inavyolala Ikiwa Macho: Tunza Chaji, Linda Pesa Zako

Umetoka Thika na mat ya 237, unakaribia kushuka Ruiru. Simu iko asilimia 4 na nauli unalipa kwa simu. Ikizima hapo, shida si aibu pekee. Hapo ndipo mtu huazima simu ya asiyemjua na kuweka laini yake humo, au anamtajia kondakta PIN ili mambo yaishe haraka. Kwa hivyo leo tunaisoma chaji kama suala la usalama wa pesa zako.

Ndani ya simu kuna madereva

Simu ni vifaa vingi vilivyokusanywa pamoja: skrini, kamera, spika, Wi-Fi, na modemu inayoongea na mnara wa mtandao. Kila kifaa kina programu ndogo inayokiendesha, nayo huitwa dereva. Dereva ndiye anayejua kifaa chake kinawashwaje, kinalazwaje, na kinaamka vipi bila kusahau kilipoachia.

Simu za Android zimejengwa juu ya mfumo wa Linux. Mwaka wa 2009, Linux toleo la 2.6.32 lilileta utaratibu wa pamoja unaomwezesha dereva kulaza kifaa chake peke yake, huku simu nzima ikiendelea na kazi. Ndiyo maana unaweza kusoma meseji huku kamera imelala fofofo.

Utaratibu wenyewe ni wa kuhesabu. Programu ikihitaji kifaa, hesabu inaongezeka moja. Ikimaliza, inapungua moja. Hesabu ikifika sifuri, dereva anasubiri kidogo, anahifadhi hali ya kifaa, kisha anakilaza.

Kwa nini asubiri? Fikiria mat kwenye jam ya Githurai. Dereva hazimi injini kila gari likisimama sekunde tatu, kwa sababu kuwasha tena pia kuna gharama. Lakini akiona foleni haisongi, anazima. Vifaa vya simu ni hivyo hivyo: kulala mapema mno ni hasara, na kuchelewa mno pia ni hasara.

Pia kuna vifaa vinavyotegemeana. Njia ambayo kamera hupitishia picha haiwezi kulala kamera ikiwa kazini, kama vile gari haliendi gereji abiria wakiwa bado ndani.

Chaji hupotelea wapi?

Kwanza, kwa programu isiyoachilia. Ikishikilia kifaa bila kukirudisha, hesabu haifiki sifuri. Skrini ni giza lakini ndani kazi inaendelea usiku kucha. Dalili moja ni simu kuwa moto mfukoni na hujaigusa. Wakati mwingine kosa liko kwa dereva mwenyewe, na hilo hurekebishwa na sasisho kutoka kwa mtengenezaji wa simu. Usizipuuze zile notisi za kusasisha.

Pili, kwa modemu. Ukituma data kidogo, modemu haizimi papo hapo. Inakaa macho sekunde kadhaa ikingoja kama kuna nyingine. Ukifungua app kuangalia salio kila baada ya dakika mbili, unaiamsha kila mara. Na mahali mtandao ni hafifu, inabidi itumie nguvu zaidi ili mnara uisikie.

Tatu, kwa kufunga app zote kila saa. Wengi wetu tunadhani tunaokoa chaji. Mara nyingi app inayotumika kila siku hula zaidi ikianza upya kuliko ikiachwa imelala.

Fanya hivi

1. Chaji ikishuka, punguza mwangaza wa skrini na uwashe Kiokoa Betri. Usingoje asilimia 2.

2. Fungua Mipangilio, kisha Betri. Ukiona app usiyoitumia inakula chaji, izuie isifanye kazi chinichini au uiondoe.

3. Zima data, lipa kwa menyu ya USSD, ile ya nyota na reli. Haihitaji bando, na ndiyo maana hata kabambe inalipa.

4. Simu ikizima katikati ya malipo, usikimbilie kutuma tena. Kama hukuwa umeweka PIN, muamala haukuthibitishwa. Kama ulikuwa umeiweka, huenda pesa zimeshaenda. Washa simu, subiri SMS, angalia salio, ndipo uamue. SMS iliyokukosa simu ikiwa imezima hungoja kwenye mtandao, na kwa kawaida huingia ukiiwasha.

5. Kama simu imezima kabisa, lipa pesa taslimu, au umwombe unayemwamini akulipie kwa simu yake na umrudishie baadaye. PIN yako usiiandike kwenye simu ya mtu usiyemjua wala kuitaja kwa sauti.

Kwa wenye biashara

Kama unauza soko la Madaraka pale Thika, au una duka Kimbo, hili linakuhusu sana. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia bila kuguswa inaweza kuchelewesha arifa za app ili kuokoa chaji. SMS ni tofauti: modemu huamka kila mara kusikiliza mnara, na ujumbe ukifika inaiamsha simu yote. Kwa hivyo, app ikinyamaza haimaanishi mteja hajalipa, na pia haimaanishi amelipa. Angalia SMS iliyoingia kwenye simu yako, au uangalie salio. Ujumbe unaoonyeshwa kwenye skrini ya mteja si ushahidi wa malipo, hata kama ana haraka na foleni ni ndefu.

Ruhusu pia app yako ya malipo ifanye kazi chinichini, kisha zibane zile usizozihitaji. Hapo simu italala inavyofaa na kuamka kwa kazi yako. Mfunze pia kijana anayekusaidia dukani, kwa sababu yeye ndiye hushika simu wewe ukitoka.