Kabla ya Rangi, Tafuta Jina

Shangazi yangu aliuza kanga Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, na likizo za shule nilikuwa nashinda naye dukani. Kazi niliyopewa ilikuwa kukunja. Kila doti ilitakiwa ikunjwe maneno yakiangalia nje, yasomeke na mtu aliyesimama upande wa pili wa kaunta. Siku moja nikaamua kuboresha: nikazipanga kwa rangi, nyekundu na wenzake, kijani na wenzake, maneno yakabaki ndani. Duka liling'aa kweli. Shangazi akarudi kutoka kuswali, akatazama, akaanza kuzikunjua moja moja. "Mwanangu, rangi inamsimamisha mtu. Jina ndilo linalomtoa hela. Wewe jina umelificha."

Huu ni mwaka wangu wa 11 natengeneza tovuti, na bado sijapata somo la usanifu lililo fupi kuliko hilo.

Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Jina moja tu. Sijawahi kuona kanga yenye majina matano yanayogombania nafasi, ila tovuti za namna hiyo naletewa kila mwezi nizirekebishe. Juu kuna "Karibu kwenye tovuti yetu", chini yake dira, chini yake dhamira, halafu picha ya mkurugenzi akisaini karatasi, halafu habari mpya za miaka miwili iliyopita. Na juu ya yote picha tano zinazojibadilisha zenyewe kabla hujamaliza kusoma ya kwanza. Hizo picha za kupishana, kwa maoni yangu, ni ushahidi kwamba kwenye kikao hakuna aliyekuwa tayari kuchagua moja.

Kwa hiyo siku ya kwanza sifungui kompyuta. Nachukua daftari namfuata mteja alipo. Nikupe mfano wa mama mmoja anayepika kwenye harusi na misiba, kazi niliyoimaliza si zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu kijana wangu. Mimi nataka tovuti ya rangi ya dhahabu. Ikae kifahari."

Nikaandika dhahabu pembeni ya daftari, nikamuuliza swali ninalowauliza wote. Mtu yuko kwenye daladala, amefungua ukurasa wako kwenye simu, na anashuka kituo kinachofuata. Unataka awe amejua nini?

Akaanza orodha: pilau, biriani, viti, maturubai, keki, MC akitakiwa. Nikamwacha amalize. Halafu nikamwambia, "Mama, hayo wenzako wote wanayo. Wale wanaokurudia, wanakuambia wamekurudia kwa nini?" Akanyamaza, kisha akacheka. "Mimi sichelewi. Hapa mjini watu wanatoka harusini na njaa, mwanangu. Kwangu mimi wageni wakiingia, chakula kimeshafika."

Hapo nikafunga daftari. *Chakula kinafika kabla ya wageni.* Maneno matano, na ni yake mwenyewe. Mimi niliyanyoosha kidogo tu. Ukipata jina, maamuzi mengine yote yanakuwa na hakimu. Picha hii iwekwe? Inasema chakula kimefika kabla ya wageni? Haisemi, inatoka. Bila jina mtabishana rangi mpaka Krismasi, kwa sababu kila mtu ana rangi yake aipendayo, na shemeji wa mteja naye ana ya kwake.

Picha inasema isichoambiwa

Nilijiona mjanja sana kwenye picha ya kwanza. Nikaenda na mpiga picha ukumbini mapema, tukapiga masufuria yakishushwa kutoka kwenye kirikuu, na nyuma yake viti vitupu, vimepangwa, vinasubiri. Nikaona nimemaliza: chakula kipo, wageni bado. Mama akaangalia, akakunja uso. "Watu wako wapi? Nitaonekana sina wateja." Nikaanza kumweleza dhana. Ukijikuta unamweleza mteja dhana ya picha, jua picha imeshindwa, kwa sababu kwenye daladala hutakuwepo kuieleza.

Nje ya ofisi yangu kuna kijiwe cha bodaboda, na ndiyo maabara yangu. Namwonyesha mtu ukurasa, nahesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, naficha simu, namuuliza: hawa wanafanya nini? Simuulizi kama ni nzuri, maana ukimuuliza mtu kama ni nzuri atakujibu kwa adabu. Siku ile niliuliza vijana wanne. Watatu wakasema wanakodisha ukumbi. Wa nne akasema, "Harusi imekosa watu, pole yao."

Mama alikuwa sahihi. Tulirudi Jumamosi iliyofuata tukasimama nyuma ya meza ya chakula. Mbele kabisa, karibu na kamera, sahani kubwa za pilau, mvuke unapanda. Kwa mbali, mlangoni, wageni wa kwanza wanaingia na nguo zao za sherehe, wengine bado wanatafuta pa kukaa. Chakula kikubwa, watu wadogo. Chakula kiko hapa, watu ndio kwanza wanafika. Ukubwa na umbali vinasimulia nani alitangulia, bila neno hata moja. Kijiweni yule wa nne akasema, "Kumbe hapa ukiingia tu unakula." Nikamnunulia soda.

Jambo jingine la picha: ikiwa na uso, jicho linakwenda usoni kwanza. Kwa hiyo usiweke uso wa kupendeza pembeni ya jina kama huna sababu, maana utakula jina. Na zile picha za bure za mtandaoni, Wazungu wenye meno meupe wamevaa vipokea sauti vya kichwani, ziache. Mteja wako yuko Tabata, na anayemtafuta anajua sura za Tabata.

Dhahabu, jua la saa saba na simu ya mpwa

Sasa ile dhahabu. Ipo hesabu inayopima jinsi rangi ya maandishi inavyojitenga na rangi iliyo nyuma yake, inaitwa kontrasti. Mwongozo wa WCAG wa shirika la W3C unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa makubwa. Dhahabu ile ya kung'aa, yenye namba #FFD700, ukiiandikia juu ya nyeupe unapata kama 1.4 tu. Ni sawa na kuandika kwa maji ya limau. Igeuze, weka maandishi meusi juu ya dhahabu hiyohiyo, unakaribia 15. Sikumwambia mama kwamba dhahabu haifai. Nilimwambia dhahabu itakuwa pindo, na jina litakuwa jeusi. Akaelewa palepale; yeye mwenyewe alikuwa amejifunga kanga.

Heshima yangu kwa hesabu hiyo nimeilipia. Zamani kidogo nilitengenezea kituo kimoja cha afya tovuti ya kijivu laini, #999999 juu ya nyeupe, kwa sababu nilikuwa nimeona tovuti za nje zimeandikwa hivyo zikaonekana za kistaarabu. Kwenye skrini kubwa ya ofisini, pazia limefungwa, ilipendeza. Rangi hiyo inatoa 2.85, lakini wakati huo sikuwa napima chochote. Wiki ya pili nikapigiwa simu: kina mama wanasimama juani na mtoto mgonjwa mgongoni, wanafungua ukurasa, hawaoni kitu. Na aliyefanikiwa kuiona namba ya simu hakuweza kuibonyeza apige, kwa sababu niliiweka ndani ya picha. Ilinibidi nirudi kuomba radhi ana kwa ana.

Tangu hapo nina tabia mbili. Ya kwanza, saa saba mchana natoka nje na simu, mwanga wa skrini nimeushusha hadi nusu, nasoma ukurasa wote nikiwa nimesimama juani. Ya pili, namba ya simu naiandika kama maandishi, kisha naifanya kiungo cha kupiga, na kitufe cha WhatsApp nakiweka mahali ambapo dole gumba linafika. Kitufe chenyewe kisipungue pikseli 44 au 48 kwa urefu. Ndivyo Apple na Google wanavyoshauri, na mikono ya fundi gereji inawaunga mkono.

Simu ya kupimia isiwe yako. Naazima ya mpwa wangu, ina ufa na imejaa picha, upana wa pikseli 360 kwa hesabu ya kivinjari. Humo ndimo nilimogundua tatizo ambalo vitabu vya Kiingereza nilivyovisoma havikulitaja: maneno yetu ni marefu. Violezo vingi vya tovuti vimepimwa kwa maneno mafupi kama ya Waingereza. Weka "Tunakuhakikishia" kwa herufi nene juu ya ukurasa, neno moja hilo lenye herufi 16 linatoboa ukingo wa skrini na ukurasa mzima unaanza kuyumba kulia na kushoto. Dawa si kupunguza herufi mpaka zisisomeke. Dawa ni kuandika upya. "Tunaahidi." Au futa kabisa, useme unachoahidi. Na ukiwa ndani ya msimbo, badilisha lugha ya ukurasa iwe sw. Violezo huja na en, ndiyo maana programu inayomsomea asiyeona inatamka Kiswahili chako kama mtalii, na kivinjari kinajitolea kukitafsiri.

Picha nazo zipunguze uzito. Picha iliyotoka kwenye simu moja kwa moja inaweza kuwa megabaiti 4. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1200 na kubanwa, yangu hushuka chini ya kilobaiti 200, na hakuna anayeona tofauti isipokuwa bando lake. Ila nembo usikubali kuipokea WhatsApp kama picha, inafika imepondwa. Mwambie mteja aitume kama hati.

Upande wa pili wa kazi

Vijana wakiniomba ushauri huuliza nitumie programu gani. Programu utajifunza kwa miezi michache. Kinachochosha ni ujumbe wa sauti wa dakika sita saa tano usiku unaosema "haijakaa sawa."

Haijakaa sawa siyo maelekezo, lakini si upuuzi pia. Mteja ameona kitu na hana jina lake. Kazi yangu ni kumsaidia alipate. Namuuliza: jicho lako linakwama wapi? Ungekuwa unampelekea nani huu ukurasa, na angekuuliza nini? Mama wa pilau alisema nembo ni ndogo. Wote husema nembo ni ndogo. Zamani nilikuwa naikuza, kisha naikuza tena, mpaka inalingana na bango la barabarani. Safari hii niliangalia kinachoizunguka: juu kulikuwa na namba mbili za simu, alama za mitandao minne na menyu ya maneno manane. Nikabakiza namba moja na maneno manne, nembo sikuigusa. Nikamtumia. "Ee, sasa imekuwa kubwa," akajibu.

Maoni nayapokea kwa maandishi, kwa pamoja, mpaka saa mbili usiku. Hilo limo kwenye mkataba wangu, ambao ni ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida. Humo tunaandika jina tulilokubaliana, hilo la kanga. Tunaandika mtu mmoja mwenye neno la mwisho, kwa jina lake, kwa sababu kamati haina jicho. Marekebisho ni raundi mbili. Ya tatu ina bei. Nusu ya malipo inatangulia, na sianzi kabla haijaingia hata kama mteja ni ndugu. Ukiwa ndugu ndiyo kabisa.

Jina la kikoa, lile la .co.tz au lolote jingine, nalisajili kwa jina la mteja na nywila namkabidhi kwenye karatasi. Wapo wenzetu wanaolisajili kwa majina yao ili mteja asiweze kuondoka. Nimepokea wateja waliopoteza anwani yao ya miaka mingi kwa njia hiyo, wakaanza upya na bango la dukani wakalipaka rangi upya. Sina maneno ya upole kwa tabia hiyo.

Tovuti ya mama ilikwenda hewani ikiwa na ukurasa mmoja tu. Juu jina, chini yake picha yenye mvuke, kisha bei kwa idadi ya wageni, kisha kitufe cha kupiga simu. Keki na MC vipo chini kabisa kwa anayevitafuta. Pindo la dhahabu linazunguka.

Kwenye mkataba tuliandika nusu ya pili ingelipwa Jumamosi. Iliingia Ijumaa saa tatu asubuhi, na saa sita mchana kirikuu kikasimama mlangoni kwangu na sinia la pilau, kabla hata sijasikia njaa.